Kabla useme mvutano ni uongo, sikia hii ya Malindi

Wasee, juzi hapa steji ya Bumula jamaa wa boda alinionyesha video: eti mvutano ni uongo, Einstein alitupanga. Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sitamcheka mtu kwa kuuliza. Lakini kila mwenye nadharia mimi humuuliza: kama umekosea, tutajuaje?

Turudi 12 Desemba 1970. Kenya inafikisha miaka 7 ya uhuru. Baharini karibu na Malindi, kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, roketi ya Marekani inaruka na setilaiti. Jina lake? Uhuru! Kazi yake ilikuwa kusaka miale ya eksirei kutoka kwa nyota, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini.

Uhuru ikaona Cygnus X-1 ikimetameta kwa kasi ajabu. Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho kinazungukana na nyota kubwa, na ni kizito mno. Kwa hesabu za Einstein, hilo ni shimo jeusi.

Si wote walikubali. Stephen Hawking aliweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba si shimo jeusi; alikubali kushindwa 1990. Naye Nathan Rosen, aliyewahi kufanya kazi na Einstein mwenyewe, mwaka 1973 alitoa nadharia yake ya mvutano isiyo na mashimo meusi kabisa. Na haikuwa upuzi. Kwa jua na sayari zake, majibu yake yalikaribiana sana na ya Einstein.

Sasa wapimweje? Mwaka 1974 Hulse na Taylor waligundua nyota mbili zilizokufa zinazozungukana, moja ikituma mawimbi ya redio kwa mpigo kama saa. Kwa Einstein, lazima zisogeleane polepole na mzunguko ufupike. Kwa Rosen, mzunguko urefuke. Hapo hakuna kona ya kujificha.

Wakapima miaka kadhaa. Kufikia 1978 jibu lilionekana: mzunguko unafupika, kwa kiasi kilekile cha Einstein. Rosen akawa nje. Hakutukanwa, hakuzomewa. Nyota ndizo zilizojibu.

Ndiyo maana namheshimu Rosen kuliko yule wa video. Rosen alisema kitu ambacho kingeweza kumwangusha, kikamwangusha kweli. Wa video hajasema chochote cha kupimwa, anataka tu tubonyeze.

Kwa hivyo buda, pinga Einstein ukitaka. Ila tuambie kwanza tupime nini.