Leso sita nyekundu: namna chuo kikuu cha Harvard kilivyopata rangi yake, na jambo hilo linavyotugusa Kongo

Mwezi wa sita mwaka wa 1858, katika mji wa Boston huko Marekani, watu walijaa kando ya mto Charles kutazama mashindano ya mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa mingi, na mtu aliyesimama ukingoni hakuweza kujua kwa urahisi yupi ni wa nani. Katika kikosi cha chuo kikuu cha Harvard alikuwemo mwalimu kijana wa miaka 24, Charles Eliot. Yeye na mwenzake Benjamin Crowninshield waliingia dukani wakanunua leso sita nyekundu za hariri, moja kwa kila mpiga kasia. Vijana wakazifunga kichwani, wakaingia majini. Watu wao waliwatambua kutoka mbali, na Harvard ikashinda.

Siku ile hakuna kikao kilichoketi kuchagua rangi ya chuo. Rangi ilitoka dukani, kwa sababu watu walihitaji kuwaona wenzao. Lakini leso zile zilianzisha swali lililochukua zaidi ya miaka hamsini kupata jibu: nyekundu ya Harvard ni nyekundu ipi hasa?

Swali lilikuwa gumu kwa sababu ya wakati wenyewe. Katika miaka hiyohiyo, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamegundua namna ya kutengeneza rangi za nguo kwa kemikali, badala ya kuzitoa kwenye mimea na wadudu. Mojawapo ilikuwa nyekundu inayoelekea zambarau, iliyotoka Ufaransa. Iliitwa magenta, jina la mji wa Italia ambako vita vikubwa vilipiganwa mwaka wa 1859. Nguo na riboni za rangi hiyo zilienea haraka madukani. Wanafunzi wa Harvard waliotafuta kitambaa chekundu cha mashindano walichukua kile walichokikuta, na polepole wengi wakaamini kwamba magenta ndiyo rangi ya chuo chao. Mwaka wa 1873 walipoanzisha gazeti la wanafunzi, waliliita The Magenta.

Wazee waliokumbuka leso za 1858 hawakukubali. Nyekundu yao ilikuwa imeiva, ilikuwa nyekundu ya damu, haikuwa na zambarau. Mwaka wa 1875 wanafunzi walikutana wakapiga kura, na nyekundu iliyoiva, ile inayoitwa crimson, ikashinda. Gazeti nalo likabadilisha jina, likawa The Crimson, na linaitwa hivyo mpaka leo.

Hata hivyo, kura ilichagua jina tu. Ukiwaambia mafundi watatu wapake ukuta nyekundu iliyoiva, utapata kuta tatu zisizofanana. Eliot, yule mpiga kasia, alikuja kuwa mkuu wa Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, miaka 40 mizima. Mwaka wa 1910, alipokwisha kuondoka kazini, baraza la chuo liliamua rangi rasmi. Halikuridhika na jina peke yake. Lilichukua leso yake ya 1858 iwe kipimo. Tangu hapo, mtu akibishana, jibu lilikuwepo: leteni kitambaa tulinganishe.

Akina mama wa Kongo wanaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kikundi cha kwaya kikichagua kitenge, wale wanaonunua siku ya kwanza hupata rangi moja. Anayechelewa miezi mitatu anaweza kuletewa maua yaleyale na jina lilelile, lakini rangi imefifia au imezidi kukolea. Ndiyo sababu mama mwerevu haendi sokoni na jina la kitenge. Anakwenda na kipande chake mkononi.

Viwanda vya uchapaji vilipatwa na shida hiyohiyo. Wino uleule huonekana mkali kwenye karatasi inayong'aa, na huonekana umefifia kwenye karatasi ya kawaida, kwa sababu karatasi hiyo inaunywa. Mwaka wa 1963 kampuni ya Pantone ya Marekani ilianza kuuza kitabu cha vipande vya rangi, kila kipande na namba yake na maelezo ya namna ya kuchanganya wino wake. Mteja aliye mji mmoja akitaja namba, mchapaji aliye nchi nyingine anafungua kitabu chake na kuona kilekile.

Kisha zikaja kompyuta na simu. Kioo cha simu hakitumii wino, kinatumia taa ndogo nyekundu, kijani na buluu, na nguvu ya kila taa hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu ya Harvard siku hizi imeandikwa hivi: 165, 28, 48. Ndiyo maana vyuo vikuu vingi duniani vina kijitabu cha rangi: namba za karatasi, namba za simu, na amri kwamba hakuna ofisi inayoruhusiwa kukisia. Kazi ya namba hizo ni ileile ya leso ya Eliot. Tofauti ni kwamba namba haichakai.

Kongo nayo ina historia yake ya rangi. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, bendera ilikuwa ya buluu, yenye nyota kubwa katikati na nyota sita ndogo pembeni. Baadaye, katika miaka ya 1960, ilikuwa buluu yenye mstari mwekundu wa kukingama. Mwaka wa 1971 nchi ikaitwa Zaire na bendera ikawa ya kijani. Mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, kikadumu hivyo mpaka 1981. Mwaka wa 1997 buluu na nyota zake zikarudi. Katiba ya 2006 ikarudisha mstari mwekundu, na katika kifungu chake cha kwanza ikataja buluu ya mbingu.

Bendera ya leo inafanana sana na ile ya 1966. Kinachozitenganisha zaidi ni ukolezi wa buluu: ile ya zamani ilikolea, hii imekaa kama anga la mchana. Fundi asiyejali anaweza kushona bendera ya miaka ya zamani akidhani ameshona ya leo.

Kwa familia zilizohama makwao, rangi inaweza kusema kabla ya maneno. Shule nyingi za Kongo zimeshika sare moja, buluu na nyeupe, mashariki na magharibi. Mtoto anayekimbia na shati lake jeupe anaweza kuingia darasani katika mji asioujua, na kwa nguo yake hakuna atakayemwona mgeni. Kijiji chake kimebaki nyuma, pengine hata daftari zimepotea, lakini rangi ya uanafunzi imemfuata. Hilo linawezekana kwa sababu shule nyingi zimeifuata bila kuibadilisha ovyo.

Shule, kanisa au chama chochote kinaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa: kuchagua rangi mara moja, kuhifadhi kipande kimoja cha kitambaa mahali pakavu pasipopigwa na jua, kuandika namba zake kwenye daftari la katibu, na kumpa kila fundi na kila mchapaji kipimo hichohicho. Leso moja ya hariri ilitosha kumaliza ubishi wa miaka hamsini.