Kilima cha Mkoani na Gari Isiyowaka

Mji wa Mkoani, kisiwani Pemba, umepanda kilimani kutoka gatini, na kwa muda mrefu mteremko ule ulimfaa dereva kama zilivyomfaa spana na bisibisi; kwani aliyejua kwamba betri yake imechoka hakuthubutu kuilaza gari pahala pa tambarare, bali aliielekeza bondeni na kuipachika jiwe chini ya gurudumu, ili alfajiri aliondoe, aiache iserereke, na ikishakamata mwendo atie gia ya pili, aachie klachi, injini ipige chafya mbili tatu na kuwaka. (Breki zake zilikuwaje, hilo aachiwe Mola.)

Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichokuwa chimbuko kubwa la karafuu. Nayo magari yalipofika, magunia yaliyojazwa karafuu zilizokauka majamvini yakawa ndiyo shehena yao, hata gari iliyogoma katika msimu ikawa imemkosesha mwenyewe ujira wa siku nzima. Gari yenyewe ilikuja kwa bahari, ikapokewa na watu wa bahari, wakaivika maneno ya chombo: usukani, ambao asili yake ni wa jahazi, na nauli, na abiria, aliyoyatamka nahodha kabla dereva hajazaliwa. Ukifunua boneti, walakini, lugha ya pwani hupungua sauti, maana stata, betri, plagi, koili na kabureta ni maneno yaliyoteremka na mitambo yenyewe kutoka kwa Waingereza. Nionavyo mimi, lililo bora humo ndani ni letu, nalo ni kuwaka. Gari kwetu huwaka, kama taa ya utambi au jiko la kuni, na fundi aliyelelewa na neno hilo huuliza kwanza khabari ya moto, kisha ya mafuta.

Stata ya umeme ilibuniwa Marekani na Charles Kettering mwaka 1911, na magari ya Cadillac ya 1912 yakatoka nayo. Hata hivyo Land Rover za mwanzo, za 1948, bado zilikuja na hendeli yao ya chuma. Kupiga hendeli ilikuwa kazi ya utingo, na somo lake la kwanza lilikuwa la kidole gumba: asikizungushe kwenye chuma, bali akilaze upande mmoja na wenziwe, kisha avute kutoka chini kwenda juu, kwa sababu moto ukipiga kabla ya wakati wake hendeli hurudi kinyume kwa nguvu ya kuvunja kifundo cha mkono.

Adui mkubwa wa moto huo alikuwa unyevu. Katika masika, maji yakijipenyeza ndani ya kifuniko cha distributa, umeme hutoroka kwa njia ya mkato kabla ya kufika kwenye plagi, nayo stata itazunguka hata betri iishe pasi na faida. Fundi alichomoa waya wa plagi mmoja, akausogeza karibu na chuma cha injini, akamwambia utingo azungushe, naye akaangalia: cheche ya buluu yenye mlio ilimpeleka kwenye mafuta, na cheche hafifu ya manjano ilimrudisha kwenye kifuniko, akakifungua, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akatafuta ufa mwembamba kama unywele, kisha akazipitishia msasa pointi zilizoungua.

Leo barabara ya Chake Chake imejaa magari yaliyokwisha kutumika Japani, mengi yao otomatiki, ambayo magurudumu yake hayawezi kuizungusha injini, hata uyasukume kutoka kileleni mpaka baharini. Kijana huja na mashine ya kusoma makosa. Ila aliye hodari, kabla hajaichomeka, huwasha taa kubwa na kumwambia mwenye gari azungushe ufunguo. Taa zikififia kabisa, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeshikwa na ule unga wa kijani na mweupe. Huinama basi, akavilegeza, akavimwagia maji ya moto, akavikwangua mpaka risasi ing'are, akavikaza tena kwa spana namba 10.