Nyuma ya Poromoko la Kalambo

Mto Kalambo hushuka kutoka nyanda za juu zilizo kusini-mashariki mwa Ziwa Tanganyika, na katika sehemu yake ya mwisho, ambayo ndiyo mpaka kati ya Tanzania na Zambia, hufika mahali ambapo ardhi hukatika ghafla, maji yakaanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 220. Upande wa Tanzania poromoko hilo limo mkoani Rukwa, katika hifadhi ya mazingira asilia, yaani msitu uliopewa daraja la juu la ulinzi miongoni mwa misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Upande wa pili hufikiwa kutoka Mbala, mji ulioitwa Abercorn enzi za ukoloni. Wageni wengi hufuata urefu wa maji na kuwatazama marabu, ndege wakubwa wenye mfuko wa ngozi shingoni, ambao hapa hutaga katika kuta za korongo badala ya kutaga mitini kama ilivyo desturi yao kwingineko. Historia ya mahali hapa, hata hivyo, imelala nyuma ya mgeni anayetazama chini, katika bonde dogo lililo juu ya poromoko.

Sababu ni ya kijiolojia. Ukingo ambako maji huanzia kuanguka ni wa kwatzaiti, mwamba mgumu uliotokana na mchanga ulioshindiliwa na kupashwa joto ardhini, nao huliwa na maji polepole mno. Chini yake mto umechimba korongo lenye kina kinachofikia mita 300, lakini juu yake haukuweza kuchimba kwa kasi hiyo. Badala yake ulitanda, ukapindapinda, na kutandika mchanga na tope tabaka juu ya tabaka kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mwamba uleule uliozaa poromoko ndio uliolinda bonde.

Wakoloni waliutazama mto huu kwa jicho jingine. Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, uliotiwa sahihi mjini Berlin tarehe 1 Julai 1890, uliufanya kuwa sehemu ya mpaka kati ya eneo la Wajerumani na lile la Waingereza, kwa kuwa waliogawa nchi wasiyoijua walihitaji mstari, na mto ulikuwa mstari uliokwisha chorwa. Walungu, wenyeji wa pande zote mbili, wakajikuta wengine chini ya boma la Wajerumani la Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo, na wengine chini ya Abercorn. Urefu wa poromoko lenyewe ulikisiwa kupita mita 300, mpaka vipimo vya miaka ya 1920 vilipoupunguza. Kipimo cha mwaka 1956 kilitoa mita 221.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia J. Desmond Clark, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Rhodes-Livingstone mjini Livingstone, aliona kwamba mto ulikuwa umekata kingo zake na kufichua zana za mawe za kale pamoja na vipande vya miti. Uchimbaji alioanza mwaka 1956 uliendelea hadi miaka ya 1960, na matokeo yake yalijaza juzuu tatu, ya mwisho ikitoka mwaka 2001. Uzito wa ugunduzi huo unaonekana mtu akiulinganisha na Isimila, karibu na Iringa, ambako mashoka ya mkono, yaani mawe mazito yaliyochongwa pande mbili, yametapakaa kwa wingi, ilhali vitu vya mti vya watu walioyachonga vimekwisha kuoza. Huko Kalambo tope lililojaa maji lilizuia hewa kuufikia mti, na mti ukadumu.

Tatizo lilikuwa umri. Kipimo cha kaboni, ambacho huhesabu kupungua kwa kaboni yenye mnururisho katika mabaki ya viumbe, hakifiki mbali zaidi ya takribani miaka 50,000, na miti ya Kalambo ilikuwa ya zamani kuliko hapo. Jibu lilipatikana kwenye mchanga. Chembe za madini zilizofukiwa gizani hulimbikiza nishati kutokana na mnururisho wa ardhi inayozizunguka, na maabara huweza kuitoa nishati hiyo kama mwanga na kukadiria muda uliopita tangu chembe zilipoonwa na jua mara ya mwisho. Kwa njia hii kundi lililoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na Geoff Duller wa Aberystwyth, lilitangaza Septemba 2023 kwamba magogo mawili yaliyofukuliwa mwaka 2019 yana umri wa takribani miaka 476,000.

Gogo la juu, lenye urefu wa karibu mita moja na nusu na lililochongwa ncha zake, limekalia gogo la chini kwa pengo lililokatwa makusudi ili yasiteleze, na alama za zana zingali zikionekana. Mti wenyewe ni wa jamii ya milama. Huenda magogo hayo yalikuwa msingi wa jukwaa, njia ya kupita kwenye tope au sakafu ya kibanda. Lililo wazi ni kwamba fundi wake aliishi kabla ya binadamu wa aina yetu, ambaye mabaki yake ya kale zaidi yana umri wa takribani miaka 300,000. Dhana kwamba watu wa Zama za Mawe walihamahama tu bila kujenga chochote imekuwa ngumu kuitetea.

Matabaka ya juu yana habari za karibu zaidi. Tangu karne za kwanza baada ya Kristo wakulima wa mwanzo wa Zama za Chuma waliishi katika bonde hilihili, wakafinyanga vyungu vyenye nakshi ambavyo wanaakiolojia wameviita kwa jina la Kalambo, muda mrefu kabla ya wahunzi wa Ufipa kusimamisha tanuri zao ndefu za udongo. Kwa hiyo neno “asilia” katika jina la hifadhi lastahili kusomwa kwa uangalifu, kwani mto huu umekuwa na wakazi, wajenzi na wakulima kwa muda mrefu kuliko umri wa mti wowote unaosimama kando yake.