Wanne Waliofuata Vifaru kwa Miguu

Kuna watu wana roho ngumu jamani! Leo nawapeleka Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, sehemu moja inaitwa Colito.

Kwanza mpate picha. Addis Ababa ilikuwa imeshachukuliwa tangu Aprili, Haile Selassie karudi mjini, lakini Waitaliano wengi walikuwa bado wamejichimbia huko kusini kwenye maziwa. Waliotumwa kuwafurusha ni Keya, batalioni ya 1/6. Na Keya wa batalioni ya sita walikuwa vijana wa Tanganyika. Yaani ni babu zetu kabisa, siyo watu wa kwenye muvi.

Kombania mbili zikavuka mto Billate huku zikipigwa risasi. Zikafika ng'ambo, lakini silaha nzito hazikuvuka nazo. Ghafla vifaru vya Mtaliano vikatokea ubavuni, kimoja kikazunguka mpaka nyuma yao. Sasa hapo unafanya nini na bunduki yako ya mkononi? Kifaru ni chuma kitupu.

Hapo ndipo anapoingia Sajenti Nigel Leakey, mzungu mzaliwa wa Kenya, miaka 28. Alikuwa anarusha makombora ya mota mpaka yakamwishia. Jamaa akakimbia, akaruka juu ya kile kifaru, akafungua mfuniko kwa nguvu na kuwamiminia waliomo ndani risasi za bastola. Akamwacha dereva tu, akamlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni! Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukagoma. Akashuka, akasema atawafuata wengine kwa miguu.

Na hakwenda peke yake. Alifuatana na sajenti-meja wa kombania, Mwafrika, pamoja na askari wengine wawili. Watu wanne wanavizia vifaru kwenye uwanja unaofyekwa na risasi za mtombo! Viwili vikawapita. Cha tatu Leakey akakidandia, akakifungua, akamuua mmoja ndani. Kifaru cha nne kikammiminia risasi, akaanguka. Shambulio la Waitaliano likavunjika.

Novemba 1945 Uingereza ikamtunuku Victoria Cross, nishani yao kubwa kuliko zote za ushujaa vitani. Alistahili, sina ubishi. Mwili wake haukupatikana, jina lake limechongwa Nairobi kwenye makaburi ya vita.

Lakini hebu soma maelezo rasmi ya nishani hiyo. Leakey ana jina. Hao watatu wameandikwa kwa vyeo tu: sajenti-meja Mwafrika na askari wawili. Basi. Mimi nawaza, Leakey alikuwa ameshapandisha mori, ameshakiona kifaru kimoja kinanyoosha mikono. Hawa watatu walimfuata wakiwa na akili zao timamu, wanajua kabisa chuma kile kinafanya nini kwa mwili wa mtu. Huo nao ni ushujaa wa aina yake, na kwangu mimi ndio mgumu zaidi.

Tena vita ile yote ya pili, hakuna Mwafrika mweusi hata mmoja aliyepewa Victoria Cross. Walipigana Ethiopia, Madagascar, wakaenda mpaka Burma. Medali za ngazi ya chini walipewa, ile ya juu hapana.

Ukipita Posta pale Dar, yupo askari wa shaba kashika bunduki yenye singe, yupo tangu 1927. Yeye ni wa vita ya kwanza. Naye hana jina.