Njia za Changarawe za Ufaransa

Njia za changarawe za Ufaransa ni barabara za mashamba, mapito ya kando ya mifereji, vijia vya misitu na njia za mifugo ambazo hazikutiwa lami, na ambazo wapanda baiskeli wa zama hizi huzifuata kwa safari za siku moja au za majuma kadhaa. Baiskeli itumikayo ni ya namna ya kati: usukani wake umepindwa kama ule wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi zake, ambazo upana wake aghalabu ni baina ya milimita 35 na 50, hukanyaga kokoto na tope bila ya kumtupa mpandaji. Msomaji wa Afrika ya Mashariki, aliyezoea kuiona barabara ya changarawe kuwa ni barabara ingojayo lami, yampasa aigeuze fikira hiyo, kwa kuwa huko lami imekwisha kupita zamani, na hizi ni njia ilizoziruka. Na ni nadra kuikuta hata moja iliyofanywa kwa ajili ya baiskeli; kila njia ina mwenyewe wa kwanza, awe ni farasi mkokota mashua, mchunga kondoo au mlimaji wa mizabibu, na atakaye kuzijua hana budi aanze kwa kuwajua hao.

Asili

Mashindano ya Tour de France yalipoasisiwa mwaka 1903, njia ya changarawe haikuhitaji jina lake mbali, maadamu barabara za milimani zilikuwa hivyo. Mwaka 1913 mshindani Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele alipokuwa akiteremka mlima wa Tourmalet katika safu ya Pyrénées. Akaitwaa baiskeli begani, akaenda kwa miguu mwendo wa zaidi ya kilomita 10 hata kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika kiwanda cha mhunzi, akakifua chuma kwa mkono wake mwenyewe, ilhali waamuzi wamesimama wakimtazama asije akasaidiwa. Na kwa sababu kijana mmoja alimvukutia moto, aliongezewa dakika za adhabu.

Nje ya mashindano, aliyewafunza Wafaransa kusafiri mbali kwa baiskeli ni Paul de Vivie (1853–1930), mkazi wa Saint-Étienne, maarufu kwa lakabu ya Vélocio, aliyeanzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887 na kushikilia rai ya kwamba mpandaji apate giya za kubadilisha kwa kadiri ya mlima, miaka mingi kabla ya waandalizi wa Tour kuziruhusu mwaka 1937. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi likizo ya majuma mawili yenye malipo, na katika zama hizo mafundi wa viunga vya Paris, kama René Herse na Alex Singer, walijipatia sifa kwa baiskeli za safari zenye tairi nene, giya nyingi, taa na vikinga tope. Baadaye lami ilienea na tairi zikakonda. Kwa hiyo baiskeli ya changarawe, ijapokuwa jina lake la kigeni limetoka Marekani, ilipofika Ufaransa ilikuwa kama mjukuu aliyerudi katika nyumba ya babu yake.

Kando ya mifereji

Njia zifaazo zaidi kwa mwanafunzi ni zile zilizokanyagwa na farasi wakokotao mashua, kwa kuwa maji hayapandi mlima, na njia yake kadhalika. Mfereji wa Midi, wenye urefu wa takriban kilomita 240, ulichimbwa baina ya mwaka 1666 na 1681 katika enzi ya Mfalme Louis XIV, kwa shauri la Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, aliyefariki miezi michache kabla ya kazi yake kukamilika. Unatoka Toulouse hata ziwa la chumvi la Thau karibu na Sète, na tangu mwaka 1996 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mpandaji akifika Naurouze huona ile hikima iliyouwezesha mfereji kuwapo: maji ya vijito vya Montagne Noire, yaliyokusanywa katika bwawa la Saint-Ferréol, huletwa hapa juu yakagawanyika, sehemu ikateremka upande wa Atlantiki na sehemu upande wa Mediterania. Kila baada ya mwendo atakuta mlango wa maji wenye kuta zilizotuna kama yai, kwani wa kwanza ulijengwa kwa kuta zilizonyooka, zikaelemewa na udongo zikaanguka. Kutoka Toulouse njia ni ya lami. Mbele zaidi zipo sehemu za udongo ambapo mizizi ya miti ya platani imeinua mgongo na kumtikisa mpitaji. Miti hiyo yenyewe imo katika msiba, kwa kuwa mwaka 2006 ilidhihiri kuwa imeingiwa na ukungu usiokuwa na dawa, na maelfu yamekatwa.

Katika Bretagne, mfereji utokao Nantes hata Brest, wenye urefu wa kilomita zipatazo 360, ulitokana na hofu ya vita: manowari za Waingereza zilizuia bandari, na Napoléon akataka njia ya ndani isiyofikiwa na mizinga. Ulikamilika mwaka 1842, yeye na vita vyake wamekwisha kupita. Huko Glomel, mahali pa juu kabisa, mpandaji hupita kando ya handaki kubwa lililochimbwa na wafungwa baina ya mwaka 1823 na 1832. Lambo la Guerlédan, lililomalizika mwaka 1930, liliukata mfereji vipande viwili, na mashua haiwezi tena kuvuka. Baiskeli yavuka, kwa kulizunguka ziwa juu ya tuta la reli iliyong'olewa.

Milima ya kati

Miongoni mwa njia ndefu na ngumu zaidi ni ile iitwayo Grande Traversée du Massif Central, iliyotengwa hasa kwa baiskeli za mlimani, itokayo Avallon katika Bourgogne hata Cap d'Agde pwani ya Mediterania, mwendo wa takriban kilomita 1,400. Kusini hupita katika nchi ya Causses na Cévennes, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011 kwa ajili ya ufugaji wake wa kale. Njia za kondoo huko huitwa drailles. Hufuata migongo ya milima, kwa sababu wachungaji walipopandisha makundi wakati wa kiangazi walikwepa mashamba ya watu, na kwa hiyo mwenye baiskeli hupata upepo na mandhari pana, lakini maji ya kunywa ni haba.

Mashindano

Mashindano ya Tro-Bro Léon, yaliyoanzishwa Bretagne mwaka 1984 ili kuzichangia shule za Diwan zifundishazo kwa lugha ya Kibretoni, hupita katika vijia vya mashamba viitwavyo ribinoù, na Mbretoni atanguliaye wenzake hupewa kitoto cha nguruwe. Tour de France ya wanawake ilipita katika njia nyeupe za mashamba ya mizabibu ya Champagne mwaka 2022, na ile ya wanaume ikazifuata mwaka 2024 kuzunguka Troyes, katika vipande 14 vyenye jumla ya kilomita 32. Weupe huo ni wa chaki, ambayo wakati wa jua huruka vumbi, na mvua inyeshapo hugeuka gundi ikajaza nafasi baina ya tairi na uma.

Sheria na hadhari

Mgeni huchukua ramani ya serikali ya kipimo cha 1:25,000, hufunga kila lango la malisho baada ya kupita, na kuanzia Septemba hata mwisho wa Februari hutazama vibao vya wawindaji mwanzoni mwa misitu. Njia nyingi za mashamba ni mali ya baraza la kijiji, na sheria yaichukulia njia kuwa ni ya umma kwa dalili ya watu kuipita. Ikiachwa isipitiwe tena, baraza laweza kuiuza, ikalimwa ikapotea. Kwa sababu hiyo alama ya tairi katika vumbi, pale ambapo kwato za farasi na za kondoo zimekoma, ni ushahidi wa kisheria kwamba njia ingali njia.