Ramadhani ya Mwaka 255

Mwanzoni mwa mwaka 255 wa Hijria, Basra ilimzika al-Jahiz, mwandishi wake mkubwa. Miongoni mwa vitabu alivyoacha ilikuwemo risala ya kuwatetea watu weusi dhidi ya waliowadharau. Kabla mwaka huo haujaisha, watumwa weusi walishika silaha nje ya mji wake.

Vinamasi vya kusini mwa Iraki vilifunikwa na tabaka la chumvi. Wazanji, jina walilopewa na Waarabu watu wa pwani ya Afrika Mashariki, walilikwangua kama watumwa ili ardhi ilimike. At-Tabari, mwanahistoria wa zama hizo, anaeleza kuwa chakula chao kilikuwa unga na tende.

Ni yeye pia anayemtaja Rayhan bin Salih, mtumwa aliyekuwa akiwapelekea wenzake unga. Alikamatwa njiani na watu wa Ali bin Muhammad, aliyekuja kuuongoza uasi, mzaliwa wa upande wa Rayy huko Uajemi. Ali alimhoji kuhusu maisha ya watumwa, kisha akamtuma akawaite. Rayhan akawa mtumwa wa kwanza kujiunga naye.

Uasi ulianza Ramadhani, yaani Septemba 869. Kwenye bendera iliandikwa aya ya 111 ya Surat at-Tawba, isemayo kuwa Mungu amekwisha kuzinunua nafsi za waumini. Mtu aliyeuzwa sokoni hakuhitaji kufasiriwa aya hiyo. Mabwana walipoahidi dinari tano kwa kila mtumwa atakayerudishwa, Ali aliwaamuru watumwa wawachape kwa fimbo za mtende.

Dola ya Abbasi nayo ilikuwa taabani. Julai ya mwaka huo huo, katika mji mkuu wa Samarra, askari wa Kituruki walikuwa wamemng'oa Khalifa al-Mu'tazz kwa sababu ya mishahara.

Vita vilidumu miaka 14. Basra ilitekwa na kuchomwa mwaka 871, na Ali aliuawa mwaka 883. Waasi hawakuukomesha utumwa: nao waliwatia mateka wao utumwani, na doa hilo halifichiki. Wala si wote waliotoka pwani yetu. Walikuwemo hata Mabedui. Hata hivyo, hakuna uasi wa watumwa ulioitikisa dola ya Abbasi kama huo.

Karne hiyo hiyo, kwenye pwani yetu, huko Shanga katika kisiwa cha Pate, Waislamu walikuwa na msikiti wao. Mwalimu anayefundisha habari za Shanga na majahazi ya Bahari ya Hindi aifundishe na Basra ya mwaka 869, katika somo hilo hilo.