Ningu wa Mto Mara na Watu wa Jumamosi

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu, masika haya mke wangu alinunua samaki watano kwa kijana anayepita hapa Machochwe asubuhi na baiskeli. Walikuwa ningu. Alipowapasua, wanne walikuwa na mayai, tumbo limejaa mpaka ngozi imevutika. Akaniita jikoni nikaone. Akasema, "Baba watoto, hawa walikuwa njiani kwenda kuzaa." Mimi nikajibu kwamba samaki ni halali, apike tu. Tukala.

Lakini neno lake halikunitoka. Sababu yake nitaisema mbele, kwa kuwa inanihusu mimi. Kwanza nikusimulie habari za samaki huyu. Vijana wengi wanamjua mezani tu, hawajui alikotoka wala yaliyompata.

NINGU NI SAMAKI WA SAFARI

Ningu anaishi Ziwa Victoria na mito inayoingia humo. Mdomo wake uko chini, umeumbwa wa kukwangua na kunyonya. Chakula chake ni ukungu wa kijani ulioshika mawe, na matope laini. Hamli samaki mwenzake. Mvua zikinyesha na mito ikajaa, Allah amemtia ndani yake amri ya kuondoka ziwani na kupanda mto kinyume cha maji. Hupanda mpaka mahali ambapo mto umefurika majanini, hapo anataga. Mayai yanaanguliwa upesi, watoto wanakua katika maji yale ya kina kifupi, kisha wanateremka na mafuriko kurudi ziwani.

Tazama basi hatari ya safari hii. Ziwa ni pana, mtego wako hauwezi kulimaliza. Ila mdomo wa mto ni mwembamba. Kwa siku chache katika mwaka samaki wote wenye mayai wanapita mlango mmoja, na kila mtu anajua ni siku zipi.

Wazee wa kandokando ya mito hii walijua pia, na walivua. Tusiwafanye malaika. Walisuka migono ya matete na fito, wakaziba sehemu ya mto, wakala wakashiba, wakakausha na akiba. Lakini mgono unaoza, mafuriko makubwa yanaung'oa, na samaki wengi wanapita pembeni. Udhaifu wa chombo ulikuwa rehema kwa samaki. Kwa hiyo kila mwaka walirudi.

NYAVU ZILIPOKUJA

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka Ulaya ziliingia katika ghuba ya upande ule. Samaki aliyekuwa chakula cha kijiji akawa bidhaa ya kupanda treni. Miaka ishirini baadaye wavuvi walikuwa wanalalamika kwamba ngege, sato wa asili wa ziwa hili, wamepungua nyavuni. Serikali za kikoloni zikamleta mtaalamu Mwingereza, Michael Graham. Alipima ziwa mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ikatoka mwaka 1929. Alishauri macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, na ziwa lote lisimamiwe na chombo kimoja. Kanuni ya inchi 5 ikawekwa.

Ningu ni mdogo kuliko ngege aliyekomaa, kwa hiyo kanuni ile ilimkinga bila kumkusudia. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ilianza kuondolewa, upande mmoja wa ziwa baada ya mwingine. Nyavu za nailoni zikawa zimefika nazo, haziozi, hazionekani majini. Watu wakazitega hasa pale kwenye midomo ya mito, wakati wa mafuriko, ningu wakipanda na mayai.

Mwaka 1965 mtaalamu aitwaye Cadwalladr aliandika habari za Mto Nzoia, ule wa Kenya. Aliandika kwamba uvuvi wa ningu umeporomoka, na pamoja nao ufundi wa wazee wa kutega kwa migono unaharibika. Maana yake, samaki alipoondoka, ujuzi nao uliondoka. Leo ningu yumo katika orodha ya samaki walio katika hatari ya kutoweka.

Hapa najua utaniuliza, "Ustadh, si sangara ndiye aliyewamaliza?" Hapana, ndugu yangu, hesabu miaka vizuri. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na hakujaa ziwa lote mpaka kuelekea miaka ya 1980. Kweli alipojaa aliwala furu, na aina nyingi za furu hazionekani tena. Dhambi hiyo ni yake na ya waliomleta. Lakini ningu walikuwa wameshaporomoka kabla. Ningu hawakumalizwa na samaki mgeni. Walimalizwa na mikono yetu, kwa kutega mlangoni siku ya kupita.

MTO WETU

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395. Unaanza katika misitu ya Mau huko Kenya, kwa mito miwili, Nyangores na Amala. Unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, unapita huku kwetu kati ya Serengeti na Tarime, kisha unatawanyika katika bwawa kubwa la mafunjo kabla ya kupita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika ziwani karibu na Musoma.

Watafiti wamehesabu kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 wanazama humo kila mwaka wakivuka, na mizoga yao inakuwa sehemu kubwa ya chakula cha samaki kwa majuma kadhaa. Na viboko zaidi ya 4,000 upande wa Kenya wanatia mtoni kiasi cha kilo 8,500 za kinyesi kila siku. Kinyesi hicho kikijikusanya kwenye madimbwi yao na mafuriko yakakisomba kwa mkupuo, hewa ndani ya maji inakwisha na samaki wanakufa. Hilo limo katika maumbile tangu zamani. Mto mzima, wenye maji mengi na majani kandokando, unapona wenyewe.

Machi 2022 wengi wetu tuliona picha: maji meusi na samaki waliokufa wakielea upande wa Kirumi. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema chanzo ni uchafu wa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza hewa majini. Watu wengi hawakuridhika, mjadala ukawa mkali nchi nzima. Mimi sirudishi mjadala ule hapa. Nasema jambo moja tu: ng'ombe ni wetu, na mto uliozidiwa hauna tena nguvu ya kupona.

WATU WA JUMAMOSI

Sasa fungua Suratul A'raf, aya ya 163 mpaka 166. Allah Subhanahu wa Ta'ala anatupa habari za mji uliokuwa kando ya bahari, watu wake ni katika Wana wa Israili. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, yaani Jumamosi. Ukawa mtihani: siku hiyo samaki wanakuja juu wanaonekana, siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wale walifanya hila. Wakatega Ijumaa, samaki wakanasa Jumamosi, wakawatoa Jumapili. Wakasema, sisi hatukuvua siku iliyokatazwa.

Ndugu yangu, je, hii haikukumbushi kitu? Samaki wanakuja siku zinazojulikana, katazo lipo, na mtu ana hila yake. Kwetu ipo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Sumu na baruti ni marufuku. Makokoro na nyavu za timba ni marufuku. Kuvua kwenye mazalia ya samaki ni marufuku. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini mtu anatega usiku, anaopoa alfajiri, na mchana anakwambia yeye ni mkulima tu.

Mji ule uligawanyika makundi matatu. Waliofanya hila, waliowakataza, na kundi la tatu lililowaambia wakatazaji: ya nini kuwaonya watu ambao Mungu atawaangamiza? Waliofanya hila waliadhibiwa, wakatazaji wakaokolewa, na kundi la tatu aya haikutaja wazi mwisho wake. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (radhiya Allahu anhu) alikutwa akilia, msahafu mapajani, kwa ajili ya kundi hilo, kwa kuwa nasi tunaona maovu tukanyamaza. Mwanafunzi wake Ikrima akamtolea hoja kwamba waliokoka, maana nyoyo zao zilichukia, na Ibn Abbas akafurahi mpaka akamzawadia nguo.

Hapo ndipo niliposhikwa. Mimi namjua mwenye wavu ule. Umetegwa kwenye mdomo wa kijito kinachoingia Mto Mara, masika matatu sasa. Sikuwahi kumwambia neno. Kwa nini? Kwa sababu tulipopiga sakafu ya msikiti, yeye alitoa saruji. Sisi Waislamu huku ni wachache na mtoaji ni mmoja. Ikrima alimpoza Ibn Abbas kwa hoja ya moyo uliochukia. Mimi hata kuchukia sikuchukia. Nilikula.

Basi baada ya swala ya isha nilikwenda kwake. Tuliongea kwa adabu. Akaniambia, "Shekhe, mto ni wa Mungu na samaki ni wa Mungu. Nikiacha mimi, wa ng'ambo atavua, na watoto wangu watalala njaa." Maneno hayo si ya kudharau, mwenye njaa ana haki ya kusikilizwa. Nilimkumbusha hadithi iliyoko kwa Bukhari, ya watu waliogawana merikebu, wengine juu na wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wanazama wote. Wakishikwa mikono, wanaokoka wote. Nikamwambia, wewe unatoboa sehemu yako, lakini merikebu ni moja. Na sisi tutakusaidia kwa chakula mpaka mafuriko yapungue, maana si haki nikukataze nikiwa nimeshiba.

Alitoa wavu mmoja. Alikuwa na miwili. Wa pili tunaendelea kuuzungumza.

Nawe msomaji wa Tarime, Musoma, Bunda, Kisumu na kwingineko: masika usinunue samaki mwenye mayai aliyevuliwa mtoni. Asipouzika hatategwa. Nywesha mifugo kwa zamu, usiwaache walale kingoni. Mafunjo usiyachome, ndiyo kichungi cha mto. Na ukimjua mwenye wavu mlangoni, nenda kwake usiku kwa adabu kabla hujamtaja mchana, na uende na kitu mkononi.

Ningu hawezi kubadili siku yake ya kupita, Allah ndiye aliyempangia. Sisi ndio tuliopewa hiari ya kuondoa mkono.

Allah atusamehe tulichonyamazia, atupe riziki isiyo na hila, na auhifadhi mto wetu na vilivyomo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.